Kinywa cha Saddam

Kazi yangu ni chumba cha meno hapa Malindi, kwa hiyo ile picha ya Disemba 2003 niliitazama kwa jicho la kikazi. Saddam Hussein, rais wa Iraq aliyepinduliwa, ndevu timutimu, kinywa wazi, na mganga wa jeshi la Marekani mwenye glavu anammulika koo huku kijiti kimeubana ulimi. Nywele nazo alipekuliwa. Kupimwa kwenyewe sikuoni kosa. Mtu katolewa shimoni karibu na Tikrit, hujui ana maradhi gani. Lazima apimwe, tena ni haki yake.

Kosa ni kamera. Sisi pia huletewa wafungwa, pingu mikononi, askari jela mlangoni. Hatuulizi kaiba au kaua, pazia linavutwa. Askari wengine hununa wakiambiwa wageuke, lakini hugeuka. Mtu aliyefunuliwa kinywa hata kukujibu hawezi, mate yanamchuruzika kidevuni. Ukimwonyesha dunia nzima katika hali ile, umeshamwadhibu kabla hajamwona hakimu. Kardinali Renato Martino wa Vatikani alisema wazi kwamba alimwonea huruma, kukaguliwa meno kama ng'ombe.

Mjomba wangu hakubali hata leo. "Na wale wa Halabja, mwanangu, nani aliwavutia pazia?"

Swali zito hilo. Machi 1988, katika mji huo wa Iraq, jeshi la Saddam liliwaua Wakurdi wapatao 5,000 kwa gesi ya sumu, watoto wamelala barabarani na mama zao. Simtetei Saddam, Mungu aniepushe. Ila Mkataba wa Tatu wa Geneva, kifungu cha 13, unataka mateka wa vita akingwe na matusi na macho ya umma, na haukusema mateka mwema tu. Wamarekani waliujua vizuri: Machi ya mwaka ule ule wa 2003, askari wao waliotekwa walipoonyeshwa kwenye televisheni ya Iraq, Rumsfeld, waziri wao wa ulinzi, aliutaja hadharani. Zamu yao ilipofika wakasema Wairaki wasingeamini bila kuona. Haya, waonyeshwe. Picha moja ya uso, keshanyolewa, ingetosha, na hiyo walikuwa nayo.

Linaloniudhi zaidi ni walichofanyiwa waliodhulumiwa. Kesi iliyompeleka kitanzini ilikuwa ya Dujail, watu 148 waliouawa baada ya yeye kunusurika kushambuliwa huko mwaka 1982. Muulize mtu yeyote kwenye kahawa hapa mjini habari za Dujail, atakukodolea macho. Muulize kuhusu kitanzi, atakusimulia mpaka zile kejeli alizorushiwa, maana kuna mtu alirekodi kwa simu. Tena serikali mpya ya Iraq ilimnyonga tarehe 30 Disemba 2006, Wasunni wa Iraq wanaanza Idi ya kuchinja! Watu waliokuwa hawamtaki hata kumsikia wakaanza kumsifu kwamba kafa kiume.

Nikamwambia mjomba: hao Wakurdi unaowataja ndio waliopunjwa. Kesi ya Anfal, ile kampeni ya kuwaua Wakurdi mwaka huo wa 1988, ilikuwa bado inaendelea alipouawa. Mashtaka dhidi yake yakafutwa, kwani maiti hashtakiwi. Binamu yake, Ali Hassan al-Majid, alihukumiwa mwaka uliofuata. Saddam mwenyewe hakuwahi kusomewa hukumu ya Anfal.

Mjomba alinyamaza kidogo, kisha akasema hata hivyo kamba ilimstahili. Tukaendelea kubishana.