Taa ya AdBlue inawaka na tangi limejaa

Leo hapa Tabora semi limeingia gereji likijikokota. Taa ya AdBlue (kimiminika kinachopuliziwa kwenye eksozi ya dizeli kupunguza moshi wenye sumu) inawaka, nguvu ya injini imekatwa.

Tangi la AdBlue limejaa. Dereva alishaambiwa huko njiani anunue pampu mpya!

Tumefungua nozeli inayopulizia AdBlue kwenye eksozi: imeziba unga mweupe, mgumu kama chumvi ya Uvinza.

Hiyo ni urea. AdBlue ni urea 32.5%, iliyobaki ni maji. Joto la eksozi likikausha maji, urea inaganda tunduni. Maji safi ya moto yanaiyeyusha. Usichokoe kwa waya, utaharibu tundu. Weka gasketi mpya, kagua na filta ya pampu.

Mchawi mara nyingi ni swichi ya betri. Kwenye magari mengi, injini ikizimwa pampu bado inarudisha AdBlue tangini. Ukikata umeme papo hapo, inabaki kwenye mipira na kuganda. Subiri dakika kadhaa, jamani.

Na ile mbolea ya urea iliyokorogwa kwenye ndoo badala ya AdBlue? Hapana. Ina uchafu na biureti (kemikali inayotokea urea ikitengenezwa), itaua katalisti (kifaa cha kusafisha moshi kwenye eksozi), na bei ya katalisti mnaijua.

Madereva wa Kaliua na Nguruka, gari zenu zinaleta namba gani ya hitilafu? Wekeni hapa chini.