Siku Chui alipoangukia mtaroni

Ilikuwa Ramadhani ya mwaka 2016, tupo kumi la kati, Makorora hapa Tanga. Saa kumi na moja jioni imeshapita, yani ile saa mtaa mzima unanukia kachori na tui la nazi na hakuna mtu mwenye subira na mwenzie, ndo Chui akachagua kwenda kuanguka mbele ya meza ya futari ya watu.

Chui alikuwa mbwa wangu. Msidhani mbwa wa maana wa kizungu, koko tu, kahawia mwenye mabaka meusi, nilipewa na mlinzi mmoja wa Raskazone akiwa kitoto baada ya mimi kuibiwa baiskeli mara mbili ndani ya mwaka mmoja, na anayeijua Tanga anajua kuibiwa baiskeli hapa ni sawa na kukatwa miguu. Mama hakumtaka. Mama ni mtu wa chuoni, yani madrasa, kwake mate ya mbwa ni najisi ya kuosha mara saba, moja yake kwa mchanga, na malaika wa rehema hawaingii nyumba yenye mbwa. Tukabishana wiki nzima mpaka tukakubaliana kwamba mbwa wa ulinzi anaruhusiwa, ila akae uani kwenye banda la kuni, bakuli lake liwe lake na asivuke kizingiti. Kila akisogea mlangoni Mama anapiga ukelele mmoja tu, "Kwako!", mkono unaonyesha bandani, "Kwako huko!" Mi nilihangaika kumfundisha kukaa, kulala, kuja, hakushika hata moja. Hiyo "Kwako" ya Mama ndo neno pekee la Kiswahili alilolijua yule mbwa.

Alivyofika miaka miwili hivi, usiku mmoja nikasikia kuni zinaporomoka bandani, natoka na tochi namkuta kalala ubavu, mwili umekakamaa, mdomo unatafuna hewa, povu, mkojo, kila kitu. Nikajua kalishwa sumu, maana watu wana tabia hiyo. Kesho yake daktari wa mifugo akanihoji kama polisi, kala nini, kachanjwa lini, kang'atwa na mbwa mwingine, kaanguka kichwa, ana kupe, akamkagua toka masikio mpaka mkia. Akanitaka nimrudishe tena baada ya wiki, na tena akianguka. Alipoanguka mara ya tatu ndo akasema hiki ni kifafa. Nikacheka. Mbwa na kifafa wapi na wapi? Akasema wapo wengi tu, mbwa akianza kuanguka kati ya miezi sita na miaka sita na huoni sababu nyingine yoyote, mara nyingi ni hicho, ubongo unapiga shoti wenyewe, hakiponi ila kinatulizwa. Na dawa ni hii hii ya binadamu, fenobabitoni, vidonge vya miligramu 30. Chui alikuwa na kilo 18, kwaiyo akaandikiwa kimoja na nusu asubuhi na kimoja na nusu jioni, masaa kumi na mawili kwa kumi na mawili, maisha yake yote. "Na usije ukamkatizia ghafla," akanambia, "ukikatiza unakiita mwenyewe."

Wiki mbili za mwanzo alitembea kama mlevi wa tembo, miguu ya mbele ina safari yake na ya nyuma ina yake. Njaa nayo ikamshika, maji anakunywa ndoo, ukoko wa pilau anaiba na sufuria lake. Baadae mwili ukazoea. Kutoka kuanguka kila wiki mbili tatu ikawa miezi miwili inapita, saa nyingine mitatu. Nikawa na daftari la kurasa 40 naandika kila anguko, tarehe, saa, dakika ngapi, maana daktari alisema likizidi dakika tano hapo hamna cha kusubiri, ubongo unaungua na joto la mwili linapanda, ni kukimbia nae. Kwaiyo nilizoea, Chui akianguka kitu cha kwanza natoa simu naangalia saa.

Sasa Ramadhani ile dawa ikaisha. Na hii dawa huuziwi kama panadol, ni dawa ya kudhibitiwa, lazima cheti. Daktari wangu ndo aliyekuwa ananiandikia na wiki ile kaenda msibani Korogwe, simu haipatikani. Nikaenda duka moja la dawa nikasema labda kwa maneno mazuri. Dada akaniuliza jina la mgonjwa. Chui. Chui nani? Nikamtajia ubini wangu. Umri? Miaka mitatu na nusu. Uzito? Kilo kumi na nane. Akasema mashaallah, mtoto ana afya. Akauliza akianguka huwa yuko wapi, kitandani au anacheza, na mi na mdomo wangu nikasema, aa, mara nyingi bandani. Kalamu ikawekwa chini. Watu wa nyuma yangu walicheka mpaka mmoja akasema nisimfunguze. Nikatoka bila kidonge hata kimoja, na kwakweli yule dada hakukosea, ndo kazi yake, ila siku ile nilimuombea mabaya na swaumu yangu.

Siku mbili na nusu zikapita bila dawa. Mama sikumwambia.

Siku yenyewe Chui toka asubuhi alikuwa ananing'ang'ania miguuni, nikienda msalani ananisubiri nje, ile ni dalili naijua kabisa lakini swaumu imenichosha nikalala. Kijana wa maji kaja na mkokoteni, kashusha madumu, kaondoka, mlango wa uani kauacha wazi. Nilichosikia mimi ni meza inaanguka afu sauti ya mwanamke, "Mbwaaa! Kichaa! Kichaa cha mbwa jamani!"

Nikatoka mbio, peku, msuli nimeushika kwa mkono mmoja nisije nikabaki uchi mwezi mtukufu. Chui yuko ukingoni mwa mtaro, kalala ubavu, kichwa kinajigonga kwenye simenti ko ko ko, miguu yote minne inapiga pedeli. Kachori zimetapakaa barabarani. Watoto wamepandishwa ukutani. Wanaume wameshaokota mawe, na mmoja, fundi wa baiskeli ambaye siku zote tunasalimiana vizuri tu, ana nondo.

Mi siwalaumu hata leo. Mbwa anatoa povu, mtaa mzima umefundishwa hivyo toka shule ya msingi, na kichaa cha mbwa sio kitu cha kujaribia, ukichelewa sindano mpaka dalili zikaanza basi tena, ni kaburi. Nikapiga kelele, "Sio kichaa! Ana kifafa!" Nikaharibu zaidi. Maana huku kwetu watu wengine wanaamini povu la kifafa likikugusa na we unaupata, kwaiyo sasa wakawa wanamuogopa mara mbili. Duara likarudi nyuma lakini mawe hayakushuka. Mzee mmoja akawa anahimiza aletewe kijiko, mbwa atiwe mdomoni asimeze ulimi, wakati ulimi haumezeki, na ukipeleka mkono pale unang'atwa bila hata mbwa kujua kama kang'ata.

Ndo Mama akatokea. Upawa wa uji mkononi, mtandio kichwani, kanga begani. Akapita katikati ya wale wanaume kama hawapo. Akamwambia yule mzee wa kijiko, "Kijiko kawape wajukuu zako wafuturu." Akaniuliza mimi bila kunitazama, "Dakika ngapi?" Nikasema mbili zimepita. Nilishangaa hata kujibu, maana sikuwahi kudhani Mama anajua kwamba mi huwa nahesabu. Akavua kanga yake, akaikunja mara nne, akachuchumaa, akaisukumiza kati ya kichwa cha Chui na ile simenti kwa mikono yake miwili. Povu likamtiririkia vidoleni mpaka kiwiko. Ilikuwa kanga mpya ya Idi, imeandikwa Nilijua mtasema.

"Asishikwe," akasema. "Mwacheni apigwe na upepo. Na wewe ondoa hilo chuma lako."

Fundi akashusha nondo.

Dakika tatu. Tatu na nusu. Aise hakuna kitu kirefu duniani kama dakika ya nne ya mbwa wako, nilishaanza kutafuta kwa macho bajaji gani itakubali kubeba mbwa, na hamna, nilijua hamna. Ilipokaribia dakika nne miguu ikapunguza mwendo, ikatetema, ikaacha. Akashusha pumzi ndefu. Watu nao wakashusha.

Mi nilijua bado. Kwa Chui kuanguka hakukuwa kubaya kama kuamka. Akiamka anakuwa haoni, dakika kumi mpaka nusu saa hivi, macho yako wazi lakini hayana mtu ndani, anayumba, anagonga kuta, anakwenda mbele tu. Yani anafanana na mbwa wa kichaa kuliko hata alivyokuwa amelala. Na ndivyo ilivyokuwa, akasimama, akapepesuka, akaelekea moja kwa moja kwa watu, denda linaning'inia, mtaa ukalipuka upya, mawe juu, jiwe moja likamkosa likanipata mimi kwenye ugoko (kovu ninalo). Nikamuita, Chui, Chui, Chui, nikapiga mluzi, hajui hata sauti inatoka wapi. Kumkumbatia siwezi, katika hali ile angening'ata, na angening'ata mbele ya wale watu ndo ingekuwa mwisho wake.

Mama akasimama, akajaza kifua, akapiga ule ukelele wake wa kila siku.

"Kwako!"

Chui akaganda. Masikio yakainuka.

"Kwako huko! Mbwa we! Kwako!"

Na akageuka. Haoni, wallahi haoni, kagonga mkokoteni, kagonga nguzo ya umeme, lakini kila akipotea Mama anasema Kwako na yeye ananyoosha, mkia chini kama kila siku anapofukuzwa mlangoni, mpaka akaupata mlango wa uani, akagonga fremu yake, akaingia. Nikafunga komeo. Nje kukawa kimya, afu fundi wa baiskeli akaanza kucheka, kicheko cha woga kile, na muuza kachori akaanza kuhesabu hasara kwa sauti.

Kachori nililipa. Mjumbe akaja baada ya magharibi na watu wanne kutaka uthibitisho, nikamtolea kadi ya chanjo ya kichaa, akaisogeza kwenye taa akaisoma mbele nyuma. Nikawaambia na hili, kichaa hakisubiri, mbwa akishaanza kuonyesha dalili zake hamalizi wiki mbili, mara nyingi siku chache tu, na huyu ana mwaka na nusu anaanguka na anaamka kuiba ukoko. Wakaelewa nusu. Wakasema afungwe mnyororo siku kumi waangalie, nikakubali, afadhali mnyororo kuliko nondo.

Uji wa Mama uliungua. Adhana ya magharibi ilimkuta yuko bombani, anaosha mikono na mchanga, anahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, na ile kanga nayo mara saba, kafungulia kwa maji tu. Mi nimesimama pembeni na ndoo. Ndo akaniuliza, "Dawa kala?"

Nikasema iliisha.

"Toka lini?"

Nikamwambia toka juzi. Akaendelea kukamua ile kanga. Nyie mnajua wamama wetu wakinyamaza. Mjomba, mdogo wake wa mwisho, alikuwa na kifafa toka utotoni, na Mama ndo alimlea, mi nilikuwa mdogo namkumbuka kwa mbali anavuta nyavu pale Sahare. Nilichokuwa naambiwa siku zote ni kwamba alikufa maji. Jioni ile pale bombani ndo Mama akanambia yale maji yalikuwa ya magotini. Alikwenda kliniki mara mbili akaambiwa dawa zimekwisha njoo kesho, akakaa siku tatu bila vidonge, siku ya nne akaangukia kifudifudi ufukweni na waliokuwa karibu waliogopa kumgusa kwa ajili ya lile povu.

"Kwaiyo ukiishiwa tena," Mama akasema, "uniambie mimi." Akaanika kanga, akaingia ndani kuswali.

Daktari karudi siku ya pili yake, kaandika cheti, safari hii cha miezi miwili. Na kuanzia hapo dawa ya jioni ilikuwa ya Mama. Anachukua tende, anatoa kokwa, anatia kidonge na nusu ndani, anaiweka kwenye kipande cha kifuu na kuisukuma kwa fimbo mpaka mlangoni mwa banda, maana kumgusa hakumgusa tena mpaka mbwa anakufa, na kizingiti Chui hakukivuka. Daftari nalo akaninyang'anya, akasema mwandiko wangu mbaya.

Alipokuja daktari kumuangalia, nadhani ilikuwa mfungo sita au saba, akaomba aone rekodi. Nikamletea. Akaligeuza, akaligeuza tena, juu chini. Mama hajasoma shule ya serikali, Kiswahili chake anakiandika kwa herufi za Kiarabu kama alivyofundishwa chuoni, na daktari ni mtu wa Bukoba. Akaomba asomewe. Mama akavaa miwani akasoma toka kulia, mwezi kumi na nane, baada ya isha, kaanguka dakika mbili, kakojoa, kaamka, kanitafuta.

Daktari akainua kichwa. "Kamtafuta nani, mama?"

"We andika dawa, baba," Mama akasema.