Kuolewa Bukoba, Pasaka ya 1979

Barua ya mchumba wangu iliyoniita ilikuwa fupi. Haikusema yuko wapi, maana askari hawakuruhusiwa kuandika mahali walipo. Ilisema mkuu wake wa kikosi ameridhia, notisi ya ndoa imeshapelekwa kwa mkuu wa wilaya Bukoba, nami nifike kabla ya Ijumaa Kuu. Vijana wa leo wanaogombana kwa sababu ujumbe umesomwa na haukujibiwa hawataelewa, lakini kwa barua ile nilifungasha.

Tulijuana Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), kambi ya Makutupora. Baadaye nikapangiwa kufundisha shule ya msingi hapohapo Dodoma, yeye akawa dereva wa lori. Novemba 1978 Mwalimu Nyerere alipotangaza kwamba sababu ya kumpiga Idi Amin, mtawala wa Uganda, tunayo, nia tunayo na uwezo tunao, mwenzangu alikuwa miongoni mwa walioitwa mwanzo. Jeshi lilihitaji watu, lakini lilihitaji zaidi watu wanaojua kuendesha malori.

Baba yangu, Mgogo wa kweli, aliuliza habari ya ng'ombe wa mahari. Nikamwambia ng'ombe wa wakwe waliswagwa na askari wa Amin walipovamia Kagera, wakavushwa mpaka. Akanyamaza kidogo, akasema basi deni hilo tutamdai Amin mwenyewe, na akanipa nauli.

Nilipanda treni usiku, daraja la tatu. Mabasi na malori mengi yalikuwa yamechukuliwa na serikali kubeba wanajeshi na mizigo yao, kwa hiyo kila aliyekuwa na safari alijaa kwenye reli. Tulikaa mpaka kwenye njia ya chooni. Tabora mabehewa ya Kigoma yalikatwa, yetu yakageuzwa kuelekea Mwanza, na hapo akaingia mama mmoja wa Shinyanga na vikapu vyake akabanana nami.

"Unakwenda wapi, mwanangu?"

"Bukoba, mama. Nakwenda kuolewa."

"Vitani?"

"Bukoba."

"Ni kulekule," akasema, akanimegea kiazi.

Mwanza kulikuwa na gumzo la ndege ya Libya. Gaddafi, kiongozi wa Libya, alikuwa amemsaidia Amin, na mwishoni mwa Machi ndege yake ilikuja kulenga matangi ya mafuta, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saa Nane yakaua swala. Kila mchukuzi wa bandarini alikuwa na namna yake ya kusimulia, na kila msimulizi aliongeza swala wengine. Watu walicheka, ingawa niliona wanaangalia juu kila mlio wa injini ulipopita.

Nilikuwa kwenye foleni ya meli, Jumatano tarehe 11 Aprili, iliposikika redioni kwamba Kampala imetekwa. Foleni ikavunjika. Wanawake walipiga vigelegele, mzee mmoja akavua kofia akairusha, haikurudi. Mimi nilifurahi kwa nusu ya moyo. Nusu nyingine ilikuwa inapiga hesabu: Kampala ikishachukuliwa, malori yatatakiwa kwenda mbali zaidi, na ruhusa ya dereva inaweza kufutwa hata kabla meli haijang'oa nanga.

MV Victoria ilikuwa imebaki kwetu Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977. Usiku ule ilibeba magunia, wanamgambo, na familia za Kagera zilizokuwa zinarudi kuangalia kilichosalia. Nililala nimekaa. Kulipopambazuka tukakipita kisiwa cha Musira, na gatini nikamwona. Alikuwa amekonda, kucha zimejaa grisi, na kiganja cha kulia kina kovu bichi la kuungua. Tulipeana mikono kama wajumbe wa tawi, kwa kuwa mama yake alikuwa amesimama pembeni. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu. Twendeni, ofisi zinafungwa."

Kweli zilikuwa zinafungwa. Kesho yake ni Ijumaa Kuu, kisha wikiendi, kisha Jumatatu ya Pasaka, ambayo ndiyo siku yake ya kurudi kikosini. Karani wa ofisi ya wilaya akafungua jalada, akaanza kuhesabu kwa kidole kwenye kalenda ya ukutani. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka notisi itolewe siku 21 kabla ya ndoa. Notisi ilibandikwa ubaoni tarehe 22 Machi. Je, siku ya kubandikwa inahesabiwa? Karani alisema haihesabiwi, kwa hiyo bado siku moja, turudi Jumanne. Jumanne mume hayupo.

Mwenzangu hakubishana. Aliomba kuiona notisi yenyewe, akaonyesha mhuri wa kupokelewa: 21 Machi. Sheria inazungumzia kutolewa kwa notisi, si kubandikwa. Karani aliutazama mhuri ule kwa muda mrefu kuliko unavyohitaji kutazamwa, akaingia chumba cha ndani, akatoka na kitabu cha vyeti.

Alipouliza kama ndoa ni ya mke mmoja au wake wengi, mama mkwe akajibu kabla ya mwanawe: "Mmoja." Alikuwa shahidi wa kwanza. Wa pili alikuwa dereva mwenzake, aliyesinzia na kuamshwa kutia sahihi. Nje, mama akafungua fundo la khanga akatupa kahawa ya kutafuna. Hiyo ndiyo ilikuwa karamu.

Jumamosi, kwa ruhusa ya afande wake, tulipanda lori hadi Kyaka, kwenye mto Kagera. Daraja lililolipuliwa na jeshi la Amin lilikuwa limelala mtoni, nasi tukavuka kwa daraja la muda la wanajeshi. Nyumba ya wakwe ilikuwa ng'ambo. Bati zote zilikuwa zimeng'olewa. Milango haikuwepo, na hata bawaba zilikuwa zimefunguliwa kwa bisibisi, taratibu, na mtu asiye na haraka. Migomba tu ndiyo iliyoshamiri. Mama mkwe hakulia; alikata majani makavu, akafagia sebule isiyo na paa, kisha akanionyesha chumba ambacho kingekuwa changu.

Jumatatu lori liliondoka na shehena kuelekea Masaka, nami nikarudi na meli.

Dodoma niliomba uhamisho wa kumfuata mume. Afisa aliniuliza kituo cha kazi cha mume, maana fomu ilikuwa na nafasi ya kujaza. Nikaandika: Uganda. Akasema hiyo si wilaya. Nikamwambia sina nyingine, na kwa jinsi wanavyokwenda, akikawia kutia mhuri itabidi niandike Sudan.