Nilivyofika pango la Mtakatifu Benedikto bila kukodi gari

Kila niliyemuuliza Roma alinijibu vilevile: Subiaco, mji wa milimani lilipo pango hilo, hufiki bila gari la kukodi. Mmoja alinitajia bei inayozidi chakula changu cha mwezi mzima. Mimi nimelelewa Peramiho, misheni ya Wabenediktini ya tangu 1898. Niondoke Italia bila kuliona pango alikoanzia Benedikto, eti kwa sababu ya gari?

Basi lipo. Linaondokea Ponte Mammolo, kituo cha treni ya chini ya ardhi (metro) ya Roma, njia B, na nauli ni euro chache; tiketi nunua kabla ya kupanda. Kutoka mjini Subiaco ni kilomita kama 3 za kupanda kwa miguu, mto Aniene ukinguruma korongoni.

Ushauri ulioniudhi zaidi ni huu: "Anzia Santa Scolastica, ndiyo iko chini." Nikautii. Kule, kwenye monasteri ya chini, wageni hutembezwa kwa makundi, kwa hiyo nilipofika juu, Sacro Speco, monasteri yenye pango lenyewe, ilishafungwa kwa mapumziko ya mchana. Nikarudi Roma bila kuliona pango.

Safari iliyofuata nikapanga kinyume. Nilipanda basi la alfajiri, nikaipita Scolastica moja kwa moja, nikawa mlangoni juu kabla haujafunguliwa. Mabasi ya mahujaji yalikuwa bado. Pangoni nikabaki peke yangu na sanamu ya marumaru ya Benedikto kijana iliyochongwa na Antonio Raggi mwaka 1657, macho yake msalabani, kikapu kando. Nililia, sioni haya kusema.

Papa Gregori Mkuu anasimulia kwamba Benedikto alijificha humo miaka 3, na mmonaki Romano akimteremshia mkate kwa kamba yenye kengele. Kwenye mafundisho ya komunyo nilikuwa nashangaa, kamba ya nini? Toka nje, inua kichwa: jabali limeinamia paa la monasteri, hapana pa kukanyaga. Hapo kamba inaeleweka.

Usiondoke bila kuingia kikanisa cha Mtakatifu Gregori. Fransisko wa Asizi amechorwa humo bila duara la utakatifu wala madonda ya Kristo, ndiyo maana wengi huamini alichorwa angali hai.

Scolastica uipitie ukishuka. Wajerumani Sweynheym na Pannartz walichapa vitabu pale mwaka 1465. Jumapili mabasi hupungua, kwa hiyo piga picha ratiba ya kurudi mara tu unaposhuka kituoni.