Kiti cha mwaka wa 2026

Bili ya muhula wa pili ilikuwa na mistari miwili iliyonihusu. Karo na ada za lazima: sifuri, Jeshi la Nchi Kavu la Marekani lilikuwa limelipa. Chumba na chakula: dola 7,900. Za muhula wa kwanza, 7,900 nyingine, mama alikwisha kukopa. Alikuwa akihudumia wazee zamu ya usiku katika makao ya wazee kule Brooklyn Park, Minnesota. Mimi nilikuwa majimbo mawili mbali, katika chuo cha binafsi nilichokichagua kwa sababu ya picha za majengo yake. Hiyo ilikuwa Januari 2023.

Ufadhili wa ROTC, yaani mafunzo ya vyuoni ya kuandaa maofisa wa jeshi la Marekani, wa miaka minne, upande wa nchi kavu, hulipa kitu kimoja kati ya viwili: ama karo na ada za lazima, ama chumba na chakula. Havilipwi vyote viwili. Juu yake kuna dola 600 za vitabu kila muhula na posho ya dola 420 kwa mwezi, isiyozidi miezi kumi kwa mwaka. Vyuo vingine vya binafsi huwaongezea kadeti wenye ufadhili chumba cha bure ili kuwavuta. Changu kilikuwa kimeacha mpango huo, na mimi sikuuliza kabla ya kukubali ofa. Ukijumlisha posho yote ya mwaka unapata dola 4,200. Pengo letu lilikuwa 15,800.

"Si serikali ndiyo inalipa?" mama aliniuliza kwa simu. "Basi hamia hapa nyumbani, waambie walipe huku."

Nami nilidhani hivyo hivyo. Akilini mwangu ilikuwa kama basari ya CDF, mfuko wa maendeleo wa jimbo la bunge, tuliyoijua Kenya: hundi huandikwa jina la shule, ukihama unaandika barua, hundi inaandikwa jina la shule nyingine. Kosa lilianzia hapo. Ufadhili wa ROTC umefungwa kwenye chuo kilichotajwa katika mkataba, na ndani ya chuo hicho umefungwa kwenye kikosi. Kila kikosi hupewa idadi ya maofisa kinachotakiwa kuwatoa kila mwaka. Mimi nilikuwa mmoja wa watu waliohesabiwa kutoka na cheo cha luteni usu mwaka wa 2026. Nikiondoka, kikosi cha kwanza kinapungukiwa mtu mmoja, na kikosi cha pili kinaongezewa mmoja ambaye hakikumpanga. Kinachohama ni kiti. Fedha hukifuata kiti, na kiti hakihami mpaka makamanda wawili wakubaliane na makao makuu ya Cadet Command, kamandi inayosimamia ROTC, kule Fort Knox, Kentucky, yaseme ndiyo.

Nilibahatika kumwambia sajini mwalimu wetu wa mwaka wa kwanza kabla ya kujaza fomu yoyote. Alivuta kiti, akachukua fomu DA 4856, ile ya ushauri ambayo kadeti huiogopa kwa kuwa mara nyingi hutolewa mtu akichelewa mazoezi, akaandika tarehe na sababu yangu kwa maneno yangu mwenyewe. Karatasi hiyo ilikuja kunisaidia: ilionyesha kwamba nilitoa taarifa mapema na kwamba sikuwa natoroka. Kadeti aliyekwisha kusaini mkataba ameapa, na jina lake limo katika orodha ya wanajeshi wa akiba. Akijiondoa kimyakimya na kujisajili chuo kingine, kwenye karatasi amevunja mkataba, hata kama chuo kipya kina ROTC yake. Kinachofuata ni shauri la kumwondoa katika mafunzo, na mwisho wake unaweza kuwa deni la karo yote iliyolipwa, au kutumikia jeshi kama askari wa kawaida.

Kwangu kulikuwa na nafuu moja. Mwenye ufadhili wa miaka minne hafungwi na deni wala utumishi mpaka aanze mwaka wa pili. Hadi Agosti ningeweza kuacha kila kitu nikaenda zangu bila kudaiwa. Siku ya kwanza ya masomo ya mwaka wa pili, mlango huo unafungwa. Ndiyo maana anayetaka kuhama afanye hivyo kiangazi cha kwanza. Akingoja mwaka wa pili uanze, ombi likigonga mwamba ana njia mbili tu: kubaki asikotaka au kulipa.

Hatua ya pili ilikuwa kupiga simu kwenye kikosi cha Minnesota. Anayetafutwa huko ni ofisa wa usajili wa kikosi, anayejua idadi za viti. Mkuu wa kikosi utamfikia baadaye. Niliuliza maswali manne, na leo nisingeongeza la tano: mna nafasi kwa wanaohitimu 2026? Mnapokea kadeti wa ufadhili kutoka nje? Chuo kina shahada ya uhandisi wa ujenzi? Mnataka karatasi gani? Akajibu ndiyo mara tatu, kisha akasoma orodha: barua ya kukubaliwa na chuo, hati ya matokeo, fomu 104-R iliyosainiwa na mshauri wa masomo wa chuo kipya, matokeo ya mtihani wa viungo, uthibitisho wa uraia, na barua ya ombi. Akamalizia, "Karibu sana." Niliishika karibu hiyo kama idhini. Wiki hiyo hiyo nikaiacha zamu yangu ipite kwenye bahati nasibu ya kugawa vyumba vya chuo vya mwaka uliofuata, na kama ombi lingekataliwa ningelala kwa rafiki.

Wastani wangu ulikuwa 3.1, kikomo cha kubaki na ufadhili ni 2.0, kwa hiyo hapo hakuna aliyeuliza kitu. Mtihani wa viungo wa wakati huo, ACFT, ulikuwa na vipengele sita, na kila kimoja kilitaka alama zisizopungua 60, jumla 360. Nilikuwa na 447, ila kwenye plenki nilikuwa na 64, na karani alilizungushia duara la penseli. Kuhamishwa ukiwa umefeli kipengele kimoja ni vigumu: kamanda wa huko anapokea tatizo la mwenzake.

Uraia ulichukua wiki mbili zaidi ya nilivyotarajia. Nilizaliwa Voi, na nilipata uraia wa Marekani kupitia mama, alipoapishwa nikiwa na miaka 15. Kwa sheria ya mwaka 2000, mtoto wa chini ya miaka 18 mwenye makazi ya kudumu anayeishi na mzazi wake huwa raia papo hapo mzazi anapokuwa raia, lakini sheria haimtumii mtoto karatasi. Cheti cha uraia huombwa kwa fomu N-600, nasi hatukuwahi kukiomba kwa sababu ya ada yake. Nilikuwa na pasipoti, inayokubalika sawasawa, ila ilikuwa kwenye sanduku la mama. Nakala ya picha ya simu haikukubaliwa. Karani lazima aione pasipoti yenyewe. Ilitumwa kwa barua iliyosajiliwa.

Kilichotaka kuniangusha ni 104-R. Ni jedwali tu: muhula kwa muhula, kila somo, krediti zake, mpaka siku ya kuhitimu. Makamanda huliangalia kuliko barua ya ombi, hata iwe imeandikwa kwa machozi. Sababu ni kwamba ufadhili wa miaka minne ni mihula minane. Jedwali likionyesha muhula wa tisa, kuna muhula usio na wa kuulipa, na luteni wa 2026 amegeuka wa 2027.

Nilikuwa na krediti 32. Chuo kipya kilizipokea zote, na barua yao ilisema hivyo kwa furaha. Usiisome barua hiyo peke yake. Kupokewa ni kitu kimoja, kuhesabiwa ndani ya shahada ni kingine. Katika zile 32, 26 ziliingia kwenye shahada ya uhandisi. Sita zikakaa pembeni kama masomo ya hiari yasiyojaza shimo lolote. Baya zaidi lilikuwa fizikia. Chuo cha kwanza kilifundisha fizikia ya kwanza kwa krediti tatu bila maabara, maabara ikawa somo la mwaka wa pili. Chuo kipya kilitaka vyote pamoja, krediti nne. Bila maabara, fizikia yangu haikutosha kuingilia statiki, somo la nguvu katika vitu vilivyotulia. Statiki ilifundishwa muhula wa vuli tu. Mekanika ya vitu vinavyopinda na kunyooka inangoja statiki. Uchambuzi wa miundo unangoja mekanika. Usanifu wa zege unangoja miundo. Saa tatu za maabara kwa wiki zilisukuma mnyororo mzima mwaka mmoja mbele. Jedwali la kwanza lililorudi kutoka kwa mshauri lilikuwa na mihula kumi.

Ofisa wa usajili aliliona, akanipigia. Hakuwa na maneno mengi: kwa jedwali hilo mkuu wake hasaini.

Nilirudi kwa mshauri na swali moja badala ya malalamiko: ni somo gani moja likipatikana kabla ya Agosti linarudisha mihula minane? Akajibu bila hata kufungua kompyuta: maabara ya fizikia. Chuo cha jamii karibu na nyumbani kilikuwa na fizikia ya kiangazi pamoja na maabara, wiki nane. Ilibidi nirudie fizikia yote ili nipate maabara, na nilipe mwenyewe, kwa kuwa ufadhili ulikuwa haujafika upande huo. Niliomba barua pepe ya mshauri ikisema kwa maandishi kwamba somo hilo, nikipata C au zaidi, litahesabiwa. Kisha 104-R ikaandikwa upya: krediti 17 muhula wa vuli, 18 wa masika, mihula minane kamili. Ni jedwali la kukimbizana, na kila aliyelisaini alilijua hilo.

Barua ya ombi ilikuwa ukurasa mmoja. Sajini alinikataza kuandika juu ya uchungu wa mama. Aliniambia niweke sababu katika sentensi mbili, kisha nipange tarakimu: karo ya chuo cha sasa, dola 48,000 kwa mwaka, karo ya mkazi wa Minnesota katika chuo cha umma, chini ya theluthi moja ya hiyo, shahada ile ile, mwaka ule ule wa kuhitimu. Kuhama kutoka kwenye ghali kwenda kwenye rahisi ni ombi jepesi kulitetea. Anayetaka kwenda kinyume chake anaiomba serikali ilipe zaidi kwa luteni yule yule, na ajiandae kueleza kwa nini. Kubadilisha shahada pamoja na chuo ni maombi mawili, na hapo sikugusa.

Mkuu wangu, luteni kanali, aliisoma akiwa amesimama. Akauliza kama nimekwisha kuongea na mwenzake. Nikasema nimeongea na ofisa wa usajili. "Huyo haachii wala hapokei," akasema. "Makamanda ndio wanaoachia na kupokea." Akapiga simu mbele yangu. Maongezi hayakufika dakika nne. Barua mbili zikaandikwa, ya kuniachia na ya kunipokea, zikaambatanishwa na jalada, zikapanda. Ilikuwa Aprili 20.

Mei nikarudisha vifaa. Mtunza stoo alikuwa na orodha yenye saini yangu ya Agosti, akaisoma kitu kimoja kimoja huku nikiweka mezani: mkoba mkubwa na fremu yake, mfuko wa kulalia wa tabaka tatu, koti la mvua, kofia ngumu, chupa mbili za maji, kikombe cha chuma kinachokaa chini ya chupa. Kikombe hakikuwepo. Kilibaki msituni zoezi la Machi, na sikukiandikia taarifa siku ile. Jalada haliwezi kufungwa huku kuna kitu kinadaiwa, kwa hiyo kikombe cha dola chache kilisimamisha saini ya mwisho siku nne, mpaka malipo yalipoonekana. Buti aliniachia. Hakuna anayetaka buti zilizovaliwa.

Idhini ilifika Julai 11. Katikati hapo nilikuwa nasoma fizikia nisiyoihitaji kwa ajili ya maabara niliyoihitaji, bila kujua kama nina ufadhili. Posho ilikuwa imekatika Mei, ambayo ni kawaida ya kiangazi, na haikuanza tena mpaka niliposaini karatasi za mkataba zenye jina la chuo kipya na rekodi yangu ikaonekana kwenye mfumo wa kikosi kipya. Ile ya Septemba ililipwa Oktoba, zikaingia mbili pamoja. Anayehama aweke akiba ya miezi miwili.

Bili ya Agosti ilikuja na karo yote kana kwamba sijulikani. Jeshi hulipa baada ya muhula kuanza na chuo kuwasilisha ankara. Mpaka hapo mwanafunzi huonekana mdaiwa na huzuiwa kusajili masomo. Dawa ni barua ya kikosi kwenda ofisi ya malipo, inayosema nani analipa na nini, iombwe kabla ya tarehe ya mwisho. Mstari wa bima ya afya ulibaki. Bima ya chuo ni ada unayoweza kuondolewa ukionyesha kwamba una nyingine, na ada ya namna hiyo jeshi haliihesabu kuwa ya lazima. Nilipakia kadi ya bima ya mama, mstari ukafutika.

Tatizo la mwisho halikuwemo katika fomu yoyote. Sasa nililala nyumbani, pengo la 15,800 limekwisha, lakini mazoezi ya kikosi yalianza saa kumi na mbili kamili asubuhi. Basi la kwanza kutoka Brooklyn Park lilinifikisha saa kumi na mbili na dakika ishirini. Gari lilikuwa moja, na lilikuwa limeegeshwa kwenye makao ya wazee mpaka mama atoke zamu saa moja. Wiki ya kwanza nilichelewa mara mbili, na sajini wa huku naye akavuta kiti, akatoa DA 4856.