Ng'ombe akigeuka ngómbe: herufi zenye alama na sauti ya kompyuta

Andika neno ng'ombe kwenye kibodi yenye mpangilio wa United States-International, utapata ngómbe. Kompyuta haijaharibika. Katika mpangilio huo kitufe cha ritifaa (') ni cha kungoja: ukikibonyeza hakitoi kitu, kinasubiri herufi inayofuata, na ikija irabu kinaivika alama. Ndivyo ng'ambo inavyokuwa ngámbo, na ng'aa ikawa ngáa. Ili upate ritifaa yenyewe, bonyeza ritifaa, kisha kitufe cha nafasi, ndipo uandike o. Ile nafasi haionekani kwenye neno. Kazi yake ni kuifungua ritifaa iliyokuwa inangoja.

Watu huuchagua mpangilio huu kwa ajili ya majina kama Mbappé, São Paulo na Curaçao. Kwa anayeandika Kiswahili kutwa nzima, mimi nauona hasara: é moja unayoipata kwa urahisi unailipia kwa kila ng' utakayoandika. Afadhali ubaki na mpangilio wa kawaida, huo wa pili uuweke pembeni na kuuita kwa kitufe cha Windows pamoja na kitufe cha nafasi. Ukishauita, Alt ya kulia pamoja na e inatoa é papo hapo bila kungoja, na Alt ya kulia pamoja na mkato inatoa ç. Siku ritifaa zikianza kumeza irabu ghafla, tazama kona ya chini kulia ya skrini kabla ya kulaumu programu. Mara nyingi vidole vimebadili mpangilio bila wewe kujua.

Njia ya zamani ya Windows ni nambari. Shikilia Alt ya kushoto, piga tarakimu, achia. É ndogo ni 0233, kubwa ni 0201, ñ ni 0241, ç ni 0231, ã ni 0227, ü ni 0252. Hapa watu hukwama kwa mambo mawili. Kwanza, tarakimu zipigwe kwenye kile kisanduku cha nambari cha upande wa kulia, Num Lock ikiwa imewashwa. Safu ya nambari iliyo juu ya herufi haifanyi kazi. Pili, sifuri ya mwanzo si pambo. Ukiiacha, Windows inakwenda kwenye jedwali la herufi la enzi za DOS, mfumo uliotangulia Windows, na 233 huko ni Θ au Ú, kutegemea jedwali lililowekwa kwenye mashine yako.

Kompyuta mpakato nyingi hazina kisanduku hicho. Kama unaandikia ndani ya Word, bonyeza Ctrl na ritifaa, achia vyote, kisha e: unapata é. Ctrl na mkato, kisha c, ni ç. Au andika 00E9, msimbo wa é katika Unicode (orodha ya herufi za lugha zote), halafu Alt na X, msimbo unageuka herufi. Ila angalia herufi iliyotangulia. Tarakimu za msimbo ni 0 hadi 9 na A hadi F, kwa hiyo ukiandika Beyonc00E9, Word itadhani hiyo c nayo ni sehemu ya msimbo. Chagua zile nne za mwisho tu, ndipo ubonyeze Alt na X. Kwenye Mac kazi ni nyepesi zaidi: shikilia e mpaka orodha itokee, ubonyeze nambari ya ile unayoitaka. Kwenye programu nyingi za Linux ni Ctrl, Shift na u, kisha 00e9, kisha Enter.

Kuna é mbili, na jicho halizitofautishi. Moja ni herufi kamili, U+00E9. Nyingine ni e ya kawaida iliyofuatwa na alama inayojipandisha juu yake, U+0301. Ukitafuta jina kwenye waraka na lisipatikane ilhali unaliona, shuku hili. Sauti za kompyuta zinazosoma maandishi nazo hazikubaliani juu ya aina ya pili: nyingine huiruka alama, nyingine huitaja peke yake katikati ya jina. Kupima, weka kishale mara tu baada ya herufi ndani ya Word, bonyeza Alt na X. Ukiona 0301, umeipata. Ifute, uandike é nzima.

Ritifaa ina matatizo kama hayo, tena zaidi. Iliyonyooka ni U+0027. Word huibadilisha yenyewe kuwa iliyopinda, U+2019. Ukibonyeza Ctrl na Z papo hapo inarudi kunyooka. Chagua moja, uishikilie waraka mzima, la sivyo, katika baadhi ya programu, utafutaji unaweza kukuletea nusu ya ng'ombe wako. Mbaya kuliko zote ni kile kialama kilicho juu ya kitufe cha Tab. Wengi hukitumia wakidhani ni ritifaa, na kwenye karatasi hakuna atakayegundua. Sauti ndiyo inayokuumbua: inaweza kulikata neno, ng upande wake na ombe upande wake.

Kabla hujailaumu sauti, hakikisha ni ya Kiswahili. Maandishi ya Kiswahili yakisomwa na sauti ya Kiingereza hayaeleweki, na 1984 itatajwa kwa Kiingereza hata kama sentensi nzima ni yetu. Kwenye Word, bonyeza Ctrl na A, nenda kwenye lugha ya kukagulia, chagua Kiswahili, na uondoe tiki ya kutambua lugha kiotomatiki. Kisha Ctrl, Alt na nafasi ianze kusoma. Alt na mshale wa kulia inaongeza kasi, wa kushoto inapunguza. Kwenye Edge, kivinjari cha Microsoft, ni Ctrl, Shift na U. Humo mna Rehema na Daudi wa Tanzania, Zuri na Rafiki wa Kenya. Zinasikika kama watu, lakini zinahitaji intaneti.

Usipokuwa na intaneti ipo eSpeak NG, programu ya bure ya kusoma maandishi kwa sauti. Sauti yake ni ya bati, tusidanganyane, ila inawahi na inasoma kilichoandikwa. Amri ya kuandika kwenye dirisha la amri ni hii:

espeak-ng -v sw -s 130 -f barua.txt -w barua.wav

Hiyo barua.txt ni faili la kusomwa, barua.wav ni sauti itakayotoka, na 130 ni maneno kwa dakika. Usipoiweka itakwenda 175, kasi ambayo mgeni wa sauti hii huachwa nyuma. Faili liwe la UTF-8, usimbaji (namna ya kuhifadhi herufi) unaobeba herufi zote za Unicode. Ukifungua maandishi ukakuta Ã© mahali pa é, faili ni la UTF-8 lakini limesomwa kana kwamba ni la Windows-1252, usimbaji wa zamani wa Windows. Usianze kusahihisha herufi moja moja. Lifungue upya kwa usimbaji sahihi.

NVDA, kisoma-skrini cha bure cha Windows, huja na eSpeak NG ndani yake. Insert, Ctrl na S inafungua orodha ya mitambo ya sauti. Insert, Ctrl na V inafungua mipangilio ambamo unachagua Kiswahili. NVDA pia inakupa kipimo kizuri cha ritifaa. Peleka kishale kwenye alama, bonyeza 2 ya kisanduku cha nambari mara tatu haraka, itakutajia nambari ya herufi hiyo: 39 ni iliyonyooka, 8217 ni iliyopinda, 96 ni kile kialama cha juu ya Tab. Kwa kipimo hiki Num Lock iwe imezimwa, kinyume cha zile nambari za Alt. Ukisahau, utajikuta umeandika 222 katikati ya ng'ombe.