Hai au Maiti

Juzi mwanangu alirudi na swali la shuleni: "Mama, matumbawe ni mawe au mimea?" Nikamwambia ni wanyama. Kisha nikanyamaza, maana sauti ya Mzee ilinijia.

Ilikuwa maleleji ya mwaka 1998, kaskazi imekwisha na kusi haijaingia, bahari ya Nyali, Mombasa, shwari tupu. Tulikuwa wanafunzi wanne na mtafiti mmoja, tunakwenda kupima mwamba wa matumbawe ndani ya hifadhi ya bahari. Mzee ndiye nahodha wetu. Hifadhi ilitangazwa mwaka 1986, na baadaye alizuiwa kutega malema, ile mitego ya samaki, pale alipotega tangu ujana wake, na kinyongo hakijamtoka. Lakini samaki kama pono, tafi na kikande ni yeye aliyetufundisha kuwatambua.

Tukatandaza utepe wa mita 10 juu ya mwamba. Kazi yangu ilikuwa kuandika kwa penseli, kwenye kibao cha plastiki, kila kilicho chini yake. Nikazamisha uso. Nilizoea kahawia, kijani, zambarau, nikakuta weupe. Matawi kwa matawi, meupe kama chokaa, na maji vuguvugu kama ya kumwogeshea mtoto mchanga. Nikasogea hadi pua ikakaribia kugusa. Ngozi ilikuwa bado ipo, nyembamba, mfupa unaonekana ndani yake. Mtafiti alishatueleza: joto likizidi, tumbawe hutema mwani mdogo mno unaoishi mwilini mwake, ule unaompa rangi na sehemu kubwa ya chakula.

Mzee akavaa miwani, akazama. Alikawia. Alipoibuka alishika ubavu wa mashua, akakitazama kibao changu.

"Huyu umemwandika hai au maiti?"

"Hai, Mzee. Ila ana njaa."

Akapangusa uso. "Sisi tuliondolewa hapa ili yeye apumue. Haya, hili joto nani ataliondoa?"

Hakuna aliyemjibu, hata mtafiti.

Tulirudi mara kadhaa. Matumbawe ya matawi mengi yalikufa, yakafunikwa na mwani wa aina nyingine, yakavunjika. Yale makubwa ya mviringo, baadhi yalirudisha rangi. Mzee naye akawa anakuja bila kuitwa, akipakia watoto wa shule, akiwaonyesha kwanza lililokufa, kisha lililo hai.

Swali lake bado sijalijibu. La mwanangu nalo halijaisha: ameandika "wanyama" daftarini, sasa anataka kujua wanakula nini.